Kaaga: Kanisa Lilibaki, Msitu Ukahama

Watembezi wengi wanaofika Meru mwishoni mwa wiki huja na picha moja akilini. Ni picha ya kanisa dogo la mawe au mbao, limejificha kati ya miti mirefu, na kijia chembamba kinachopinda hadi mlangoni. Wakisikia kwamba Wamethodisti walianzisha kituo chao cha Meru mahali panapoitwa Kaaga, pembezoni mwa msitu, mwaka 1912, hukaza kamba za viatu na kwenda kulitafuta kanisa hilo.

Wakifika Kaaga hukuta mtaa wenye shughuli zake. Kuna shule ya wasichana na ya wavulana, kuna Chuo Kikuu cha Methodist cha Kenya kilichopata hati yake ya kisheria mwaka 2006, kuna maduka, bodaboda zinazongoja abiria na magari yanayokimbilia Maua. Kanisa lipo, tena ni la watu wengi. Msitu ndio umerudi nyuma. Zamani mtu alitoka msituni akaingia mahali pa ibada. Leo mwenye kutaka msitu huanzia kanisani, akatoka nje, akaenda kuutafuta.

Somo la toleo hili linahusu safari hiyo. Limekusudiwa vyama vya mazingira shuleni, vikundi vya vijana na makanisa vinavyopanga matembezi, na mkazi yeyote wa kaunti ambaye amepita Kaaga mara mia bila kujiuliza jina hilo lilitoka wapi.

Mahali pa aga

Jina lenyewe ni kumbukumbu. Katika Kimeru, aga ni waganga wa jadi, na miongoni mwa kazi zao kubwa ilikuwa kuondoa laana. Mtu aliyevunja mwiko, ule ambao Wameru waliuita mugiro, alihesabiwa kuwa amebeba jambo linaloweza kumdhuru yeye na watu wa nyumbani kwake, na alihitaji mwenye ujuzi wa kumtoa humo. Mwanahistoria Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyeketi na wazee wa Meru kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 akiandika simulizi zao, alilieleza jina la Kaaga kwa maana hiyo hiyo, yaani mahali pa waondoa laana.

Kwa hiyo, kabla ya kengele ya kwanza ya kanisa kulia, watu walikuwa tayari wanapaheshimu mahali hapo. Walikuja wakiwa na mzigo na kuondoka bila huo mzigo. Mkristo wa leo anaweza kukataa njia waliyoitumia, lakini hawezi kusema kwamba kanisa lilijengwa kwenye ardhi tupu.

Utawala wa kikoloni ulikuwa bado mchanga. E. B. Horne, ofisa wa kwanza wa serikali kukaa Meru, alifika mwaka 1908, na wenyeji wakampa jina la Kangangi kwa sababu ya kuzungukazunguka kwake. Miaka minne baadaye, Mchungaji R. T. Worthington na wenzake wakaanza kazi ya Kimethodisti Kaaga. Wamisionari Wakatoliki wa Consolata walikuwa wametangulia kidogo kuingia Meru, na Waskoti nao wangeweka kituo Chogoria baadaye, ambako Dkt. Archibald Irvine alifika mwaka 1922. Kila kundi likapata upande wake wa mlima.

Mwanafunzi makini atauliza: ni nani anayempa mgeni mahali pake pa heshima? Majibu mawili hujitokeza. La kwanza ni kwamba palipoogopwa ndipo palipokuwa rahisi kutoa, kwa kuwa hapakuwa na mtu anayelima pale. Aliyetoa angeweza kukaa pembeni na kutazama kama nguvu za mahali hapo zingewavumilia wageni. La pili ni la upole zaidi: watu wa ibada walipelekwa mahali pa ibada. Darasa likiwa na mzee wa kualikwa, swali hili peke yake linaweza kujaza kipindi kizima, na ni afadhali mwalimu asikimbilie kulijibu.

Walikotoka: Ribe na kaya yake

Kanisa lililofika Kaaga halikuwa geni kwa misitu mitakatifu. Lilikuwa limeishi kando ya msitu wa namna hiyo kwa miaka 50. Wamethodisti walianza kazi yao Kenya mwaka 1862 huko Ribe, nyuma ya Mombasa, wakisaidiwa na Ludwig Krapf aliyewatangulia Rabai. Thomas Wakefield alikuwa mmoja wao, na baada yake akaja Charles New, ambaye watembezi wa leo wangempenda: mwaka 1871 alipanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji. Maisha hayakuwa mepesi. Rebecca, mkewe Wakefield, alifariki mwaka 1873 na kuzikwa huko huko Ribe.

Jirani na kituo hicho upo msitu wa Kaya Ribe. Kaya ni makao ya kale ya Wamijikenda, yaliyozungukwa na msitu ambao wazee waliulinda kwa viapo na miko. Mwaka 2008 Shirika la UNESCO liliiweka misitu hiyo katika orodha ya urithi wa dunia, na Kaya Ribe ni mmojawapo. Yaani msitu ule ungalipo, ingawa umepungua.

Hapa ndipo Ribe na Kaaga zinapotofautiana. Kule Ribe, kanisa lilikaa kando ya kaya. Wazee wa kaya walibaki na mamlaka yao na msitu wao, kanisa likabaki na kiwanja chake, na hata waliposhindana, kila upande ulijua mpaka uko wapi. Kule Kaaga, kanisa lilikaa juu ya mahali penyewe. Walioondoka waliondoka na miko yao, na miko hiyo ndiyo iliyokuwa uzio wa miti. Baada ya hapo mti ukawa mti tu: mbao, kuni, nafasi ya darasa jipya.

Si haki kuwalaumu Wamethodisti peke yao. Mji ulikua, barabara ikaja, watu wakaongezeka, na watoto walihitaji shule. Wazazi wengi wa Imenti hawangekubali kuibadilisha Shule ya Wasichana ya Kaaga na msitu wowote, na nani angewalaumu? Lakini somo la historia halina maana likitaja faida bila kutaja kilicholipwa.

Msitu uliobaki

Kilichobaki kinaitwa Msitu wa Imenti. Unaukumbatia mji wa Meru upande wa kaskazini na magharibi, na hugawanywa sehemu mbili, Imenti ya Juu na Imenti ya Chini. Ndani yake kuna mbega weupe kwa weusi wanaoruka juu ya vichwa vya wapita njia, kuna ndovu, na kuna muuru, mti ambao Waingereza waliuita mwaloni wa Meru ingawa hauna undugu wowote na mwaloni. Muuru unajulikana zaidi katika miteremko ya mashariki na kusini ya Mlima Kenya. Mbao zake zimo katika meza na milango ya nyumba nyingi za hapa. Mmoja mkubwa kupita kiasi ulioko katika msitu huo umepewa jina la King Muuru, na wanafunzi wakishikana mikono kuuzunguka ndipo hufahamu kwa nini watu wa kale waliona haya kuuinulia shoka mti wa namna hiyo.

Sehemu ya chini ndiyo iliyoumizwa zaidi. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilirusha ndege juu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare kukagua hali ya misitu. Waliona tanuri za makaa, mashamba ya bangi, visiki vya kafuri na miti mingine ya thamani, na maeneo yaliyokatwa chini ya mfumo wa shamba bila kupandwa tena. Imenti ya Chini ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotajwa kwa masikitiko makubwa. Wakazi waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka malori. Sehemu kubwa ya miti ambayo mtembezi anaiona leo upande huo ni mimea ya baada ya hapo, iliyopandwa au iliyojiotea yenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wa jiografia wanapaswa kulijua. Katika mteremko wa kaskazini mashariki wa Mlima Kenya kuna maziwa madogo yaliyokaa ndani ya mashimo ya volkano. Moja ni Ziwa Nkunga. Jingine, lililo juu zaidi kwenye mwinuko wa karibu mita 2,350, huitwa Ziwa Takatifu. Matope ya chini ya maziwa hayo yamehifadhi chavua ya mimea ya maelfu ya miaka, tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za daftari. Mtafiti wa Afrika Kusini J. A. Coetzee, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1967, alisoma chavua ya Ziwa Takatifu na kuonyesha kwamba wakati wa kipindi cha mwisho cha barafu kali, miaka kama 20,000 iliyopita, mahali ambapo leo pana msitu mnene palikuwa na nyasi na vichaka vya baridi. Hali ya hewa ilipobadilika, msitu ukarudi.

Kwa hiyo misitu ya mlima huu imewahi kuhama. Ila ilihama polepole, kwa maelfu ya miaka, na ilikuwa na nafasi ya kwenda. Msitu uliohama Kaaga ulihama katika maisha ya babu na mjukuu wake, na kila upande unaoelekea sasa kuna boma la mtu.

Je, lijengwe kanisa dogo msituni?

Swali hili huulizwa kila vikundi vya watembezi vinapoongezeka. Wengine hupendekeza nyumba ndogo ya maombi ndani ya Imenti, mahali pa kupumzika na kutafakari, na hutaja kanisa dogo la Mai Mahiu kama mfano. Kanisa hilo ni zuri kweli. Lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita Waitalia waliokuwa wakichonga barabara kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Linatosha watu kama kumi na wawili hivi, na hadi leo madereva na watembezi husimama hapo. Waitalia hao walikuwa mbali na kwao, wamefungwa, wakifanya kazi ngumu, na wakajenga kitu kidogo cha kuwakumbusha nyumbani. Ni rahisi kuelewa kwa nini kinawagusa watu. (Mwenzao mmoja, Felice Benuzzi, alitafuta faraja kwa njia tofauti: Januari 1943 alitoroka kambi ya Nanyuki pamoja na wenzake wawili, wakapanda Mlima Kenya wakiwa na vifaa vya kujitengenezea, wawili kati yao wakafika Lenana, kisha wakarudi kambini kujisalimisha.)

Lakini Mai Mahiu liko kando ya barabara kuu. Halikuhitaji kukata msitu ili mtu alifikie, maana barabara ndiyo iliyolizaa. Nyumba ndani ya Imenti ingehitaji njia ya kupitisha mawe na saruji, kisha choo, kisha mlinzi, kisha kibanda cha mlinzi, kisha mahali pa kuegesha magari. Yeyote aliyewahi kusimamia ujenzi kijijini anajua orodha hiyo huishia wapi. Isitoshe, Imenti ni msitu wa serikali, na hakuna anayeruhusiwa kujenga humo kwa sababu tu nia yake ni njema.

Mfano mwingine unatoka Ethiopia, na una pande mbili. Katika nyanda za juu za kaskazini mwa nchi hiyo, misitu ya asili imeisha karibu yote isipokuwa kuzunguka makanisa ya Waorthodoksi. Ukitazama picha zilizopigwa kutoka angani unaona madoa ya kijani yaliyotapakaa kwenye mashamba ya rangi ya udongo, na katikati ya kila doa kuna paa la kanisa. Waumini huamini kwamba kanisa bila miti ni kama mtu bila nguo. Huo ndio upande unaotia moyo. Upande wa pili ni kwamba madoa hayo mengi ni ya hekta chache tu, na watafiti wameona yakiliwa kutoka ndani na kutoka nje: ng'ombe wanakula miche, makaburi na vijia vinapanuka, na mikaratusi inapandwa mahali pa miti ya asili. Katika sehemu kadhaa makasisi na wanavijiji waliokota mawe mashambani wakajenga kuta kuzunguka misitu yao ili kuzuia mifugo. Tangu hapo miche imeanza kuonekana.

Kwa hiyo kanisa linaweza kulinda msitu, lakini haliulindi kwa kusimama tu katikati yake. Linaulinda pale watu wake wanapokubaliana ni wapi mguu usikanyage. Kwa Imenti, njia yenye busara zaidi ni matembezi yanayoanzia kwenye kanisa ambalo tayari lipo, pale Kaaga, yanayoingia msituni bila kujenga chochote, na kurudi. Mtembezi akitaka kuomba chini ya muuru, na aombe. Muuru hauhitaji paa.

Kujifunza adabu kutoka Kinondo

Vikundi vinavyotaka kuandaa safari kama hiyo havihitaji kubuni kanuni upya. Kule Kwale, wazee wa Kaya Kinondo waliufungulia msitu wao wageni tangu mwaka 2001, kwa masharti yao wenyewe. Mgeni hapiti peke yake, huongozwa na mwenyeji. Kabla ya kuingia hufungwa kitambaa cheusi kiunoni. Hachukui kitu, hata jani. Wapenzi hawabusiani humo. Wageni kutoka nchi za mbali hukubali masharti haya bila manung'uniko, tena wengi husema kitambaa ndicho kilichowafanya wapunguze sauti.

Meru haina haja ya kuiga kitambaa. Ina wazee wake, wakiwemo wa Njuri Ncheke wenye makao yao Nchiru, ina misitu midogo mingine inayoheshimiwa kama Giitune, na ina viongozi wa makanisa wanaofahamu historia ya vituo vyao. Kinachohitajika ni hao wote kukaa pamoja kabla ya njia kutangazwa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inawapa nafasi hiyo, kwa kuwa inaitambua jamii ya msitu kuwa watu wenye uhusiano wa jadi na msitu kwa ajili ya riziki, utamaduni au dini. Neno hilo la mwisho halisomwi vya kutosha. Vyama vya jamii vya misitu, vinavyoshirikiana na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, kwa kawaida hujadili kuni, malisho, miche na maji. Mahali pa ibada pia panaweza kuandikwa katika mpango wa usimamizi, pakawekewa mipaka na kanuni kama kitalu cha miche kinavyowekewa.

Anayekwenda Jumamosi hii

Safari ianzie kanisani, na ianze kwa kubisha hodi. Kikundi kiwasiliane mapema na uongozi wa kanisa, kieleze ni watu wangapi na wanakuja kwa nini. Jumapili asubuhi ni ya waumini. Mgeni anakaribishwa kuabudu nao, lakini kuzunguka na kamera wakati watu wameinamisha vichwa ni utovu wa adabu mahali popote, iwe msikitini, kanisani au kwenye kaya. Siku za wiki, watembezi wakumbuke pia kwamba viwanja vingi vya Kaaga ni vya shule, na mlango wa shule si njia ya mkato.

Msituni, hakuna kuingia bila kupitia kituo cha misitu. Ada hulipwa kwa njia ya kielektroniki na risiti hutolewa. Atakayetaka pesa taslimu mkononi kando ya njia, bila risiti, asipewe. Kikundi kipewe askari wa msitu au mwelekezi wa chama cha jamii anayejua ndovu walilala wapi usiku uliopita. Hili halisemwi kwa mapambo. Ndovu wa Imenti wana njia zao za kale za kupanda na kushuka kati ya mlima na nyanda za chini. Upande wa Lewa njia hiyo ilifunguliwa rasmi mwanzoni mwa 2011, pamoja na kivuko kinachopita chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru ili ndovu wasigongane na magari. Upande wa mji wa Meru hakuna kivuko. Kuna uzio sehemu fulani, kuna mashamba ya mahindi na migomba, na kuna watu ambao wamepoteza mavuno ya msimu mzima kwa usiku mmoja.

Kinyesi kibichi, tawi lililovunjika ambalo bado linatoa utomvu, au ukimya wa ghafla wa ndege, vyote vina maana. Kikundi kikiona dalili hizo, kisimame, kinyamaze, kirudi njia kilikotoka. Hakuna picha inayostahili hatua kumi za ziada. Watembezi wawe wametoka msituni kufikia saa kumi jioni. Jua la hapa karibu na ikweta halina jioni ndefu, na chini ya miti giza huingia mapema kuliko barabarani.

Mvua za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ndizo nzito zaidi upande huu wa mlima, na udongo mwekundu wa Imenti ukilowa huteleza kama sabuni. Januari na Februari ni miezi mizuri. Julai haina mvua nyingi lakini ina ukungu na baridi, kwa hiyo watoto wabebe sweta.

Kuhusu moto, sheria haina utani: kuwasha moto msituni bila kibali ni kosa. Hapa vikundi vya maombi huhitaji ukumbusho wa pekee, kwa kuwa mshumaa ni moto pia. Mshumaa uliosahauliwa kwenye shina lenye uwazi, wakati majani makavu yamejaa chini, unaweza kufanya katika saa tatu kile ambacho malori ya miaka ya 1990 hayakukimaliza. Maombi ya usiku kucha yafanyike kanisani. Vipaza sauti navyo vibaki huko huko. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na hifadhi zote nchini tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hiyo kila mtu abebe maji katika chupa ya kudumu.

Jambo la mwisho la kubeba ni la hiari: kijitabu na kalamu. Wanafunzi waliokwisha kutembea njia za Imenti hurudi wakikumbuka mbega na kusahau miti. Ni vyema kila kikundi kichague miti mitano, kipate majina yake kwa Kimeru, kwa Kiswahili na ya kisayansi, na kuuliza kila mmoja ulitumikaje. Mugumo na muuru zisikosekane katika hiyo mitano.

Kazi ya nyumbani

Vyama vya mazingira vinavyotumia somo hili darasani vinaombwa kufanya jambo moja kabla ya kutembea. Kila mwanafunzi amwendee bibi au babu, au mzee wa jirani kama wa nyumbani wameshatangulia, amuulize: hapa kwetu, ni mti gani au kichaka gani ambacho hakuna aliyethubutu kukata ulipokuwa mtoto? Ni nani aliyekataza? Kilikatwa lini, na aliyekikata alipatwa na nini, au hakupatwa na kitu? Majibu yaandikwe kwa lugha ambayo mzee aliyatoa, bila kusahihishwa. Kisha darasa lichore ramani ya eneo lake, liweke alama ya kijani mahali pa kila mti uliotajwa ambao bado umesimama, na alama nyekundu mahali pa kila uliokwisha kwenda. Ramani hiyo waichukue siku ya safari. Mwelekezi wa msitu atapenda kuiona, na huenda akawa na miti yake miwili mitatu ya kuongeza.